Nani Alimsomea Nani? Bibi, Biblia na Moto wa Jikoni Bulongwa

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nina jambo la nyumbani linalonisumbua.

Hivi karibuni dada yangu aliniachia binti yake wa miaka sita kwa jioni moja. Aliniachia pia kitabu chenye picha za rangi, akasema nimsomee mtoto kabla hajalala, kwani amesikia mahali kwamba mtoto anayesomewa hukua na akili pana. Nikasema hakuna shida. Mimi si ndiye mwandishi wa ukoo? Kazi yangu ni maneno.

Nikasoma. Nilisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, bila kukosea hata nukta. Dakika sita, kitabu kwisha. Nikamuuliza, "Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mjomba." Kisha akageukia ukutani akalala. Nikabaki nimeshika kitabu, nikijua kabisa kwamba hakuna kilichotokea pale. Ilikuwa kama nimemsomea risiti ya umeme.

Usiku ule nikamkumbuka bibi.

Kwa wasioijua Bulongwa: ukitoka Dar kwa barabara ya Mbeya unaachana nayo Makambako, unakwenda Njombe, halafu unaanza kupanda na kushuka milima hadi Makete. Bulongwa iko huko, nchi ya Wakinga, nchi ya viazi, ngano na baridi. Mwezi wa Juni na Julai majani huamka na barafu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa bado Mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012. Kwa baridi ile, sebule ya kweli ya nyumba ilikuwa jikoni, penye moto. Na pale jikoni kwa bibi kila jioni kilisomwa kitabu kwa sauti.

Ila aliyesoma hakuwa bibi. Nilikuwa mimi, mwanafunzi wa darasa la tatu. Bibi hakujua kusoma.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Kwenye sinema, kwenye semina za malezi na hata kwenye mafundisho ya ndoa kanisani tunaonyeshwa picha ileile: baba au mama wa Kikristo ameketi ukingoni mwa kitanda, kitabu mkononi, mtoto amejifunika shuka anasikiliza. Tunaambiwa tuirudishe picha hiyo nyumbani kwetu. Kuirudisha kutoka wapi? Mimi nimejaribu kumtafuta huyo mzazi katika historia ya kwetu, na ninayemkuta mara nyingi zaidi ni mtoto anayemsomea mtu mzima. Naomba nikueleze, kisha uniambie kama nakosea.

Tuanze na Wajerumani. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Mwaka 1895 walifungua kituo Bulongwa, na kutoka vituo vya namna hiyo ndipo Ulutheri ulipoenea Ukinga, Ubena na kwingineko Nyanda za Juu Kusini. Watu hawa walikuwa watoto wa Luther, na Luther alikuwa na mawazo yake kuhusu nyumba. Katekisimo yake ndogo ya mwaka 1529 haikuandikwa kwa ajili ya wachungaji peke yao. Kila sehemu imewekwa mikononi mwa baba wa nyumba, awafundishe watu wake kwa maneno mepesi. Kwa Luther, nyumba ilikuwa kanisa dogo na baba alikuwa mwalimu wake.

Lakini Luther alikuwa na mkono wa pili ambao hausemwi sana kwenye ibada zetu. Mwaka 1530 alikaa miezi kadhaa katika ngome ya Coburg, mbali na familia. Akiwa kule alifanya mambo mawili. La kwanza, tarehe 19 Juni alimwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne. Hakumwandikia amri kumi. Alimwandikia juu ya bustani nzuri ambamo watoto wamevaa makoti ya dhahabu, wanaokota matufaha chini ya miti na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Mwanateolojia mkubwa wa Ulaya, yumo katikati ya vita ya maneno na wakuu wa dola, anamtungia mtoto ngano! La pili, alianza kuzitafsiri upya kwa Kijerumani hadithi za Esopo, zile za mbwa, simba na mbweha, akizisifia kuwa zinafaa kwa watoto na watumishi wa nyumbani. (Tarehe 19 Juni hiyohiyo, mwaka 1963, ndiyo siku makanisa ya Kilutheri nchini yalipoungana kuwa KKKT. Imegongana tu, lakini imenifurahisha.)

Kwa hiyo baba wa nyumba wa Luther alikuwa na mikono miwili: mmoja wa katekisimo, mwingine wa hadithi. Mkono uliotangulia kufika milimani kwetu ulikuwa ule wa kwanza. Vitabu vya mwanzo vya misheni vilikuwa vya kufundishia: silabi, katekisimo, nyimbo, habari za Biblia. Na hata habari za Biblia zilikuja na utaratibu wake. Mjerumani Johann Hübner alitoa mwaka 1714 kitabu kilichokuja kuigwa kwa vizazi, chenye hadithi 52 za Agano la Kale na 52 za Agano Jipya, na baada ya kila hadithi maswali. Mtoto husikia, huulizwa, hujibu. Majibu yote yamo kwenye ukurasa. Ukisoma shule ya Jumapili popote Tanzania unalijua zoezi hili: Nuhu alikuwa na wana wangapi? Watatu! Kaeni chini.

Na hadithi za Wakinga wenyewe? Mwaka 1905 mmisionari R. Wolff alichapisha Berlin sarufi ya Kikinga, pamoja na maandiko mafupi na orodha ya maneno. Ni kazi kubwa, nami kama mtu wa lugha naiheshimu. Lakini maelezo yake yote ni ya Kijerumani. Kiliandikwa kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, si kwa ajili ya mtoto wa Bulongwa anayeota moto. Pwani mambo yalikwenda tofauti kidogo. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana Zanzibar alichapisha London mwaka 1870 mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Sisi wa milimani hatukumpata Steere wetu.

Sasa, huyo baba wa nyumba wa Kikinga alikuwa wapi? Kwanza, malezi ya kale ya Wakinga hayakufanana na ya Wittenberg. Mwanaanthropolojia George Park, aliyeishi kwetu na kuandika juu yetu, ameeleza jinsi watoto walivyolala katika nyumba za rika, wavulana kwao na wasichana kwao, tangu wakiwa wadogo. Hadithi ilikuwa mali ya moto na ya rika, haikumilikiwa na kitanda cha baba. Pili, wanaume walisafiri. Wakati wa ukoloni walikwenda mashambani kutafuta fedha za kodi, na baadaye wakawa wafanyabiashara. Nani asiyemjua Mkinga wa dukani, Mbeya, Makambako hadi Kariakoo? Baba aliyetakiwa asome katekisimo mezani alikuwa kwenye lori. Mimi nasema hivi bila kumlaumu mtu. Ada za shule zilitoka kwenye lori hilohilo.

Tatu, waliowahi kusoma walikuwa vijana. Herufi ziliingia nchini kwa mlango wa watoto na vijana waliokaa karibu na kituo cha misheni. Uganda jambo hili liliacha alama hadi kwenye lugha: Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa wasomaji, na kwa Kiganda neno la kusoma likabeba pia maana ya kusali. Kwetu nako, mzee aliyetaka kujua kitabu kinasema nini alimhitaji kijana amsomee. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, na wamisionari wao hawakurudi hadi miaka ya 1920. Ushirika ukabaki mikononi mwa walimu Waafrika na washarika wenyewe. Kitabu kiliendelea kusomwa, na waliokisoma walikuwa wale waliokuwa watoto jana.

Ruka mbele hadi baada ya Uhuru. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akatangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1977 elimu ya msingi ikawa ya wote. Kufikia 1986 serikali ilisema wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Katikati ya miaka hiyo, nyumba nyingi za vijijini zilikuwa na msomaji mmoja tu, naye alivaa kaptula ya kaki. Ndiye aliyesoma barua ya mjomba kutoka Mbeya mbele ya wazee, na ndiye aliyejua siri zote za ukoo. Wazee wangu wanacheka hadi leo wakikumbuka namna walivyokuwa wakiruka aya fulani kwa makusudi. Huwezi kuruka aya bila kufikiri haraka, na bila kuwazia uso wa babu akiisikia!

Mtu mzima aliyemsimulia mtoto kwa sauti miaka hiyo alikuwa ndani ya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha watoto, Mama na Mwana, na sauti ya Bi. Debora Mwenda. Muulize yeyote wa rika la wazazi wetu, utaona macho yanavyong'aa. Walutheri walikuwa pia na Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa, kituo cha Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu kilichorusha matangazo kuanzia 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa mwaka 1977. Nyumba nzima ilikaa kimya kuzunguka redio ya mbao. Hapo angalau mtoto alisimuliwa bila kuulizwa maswali mwishoni.

Kisha ukaja ugonjwa. Nitasema kwa kifupi kwa sababu ni wa nyumbani. Makete ilipigwa na Ukimwi kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Hata baada ya dawa za kupunguza makali kuanza kutolewa na serikali mwaka 2004, utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi Njombe ni asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja ulikuwa asilimia 5.1. Nyuma ya namba hizo kuna kizazi cha katikati kilichoondoka, kile kilichosomeshwa na elimu ya 1977, kile ambacho kingeweza kukaa ukingoni mwa kitanda na kitabu. Wakabaki bibi na mjukuu. Mmoja ana hadithi hana herufi. Mwingine ana herufi hana hadithi.

Baba simkumbuki. Mama namkumbuka kidogo: mikono, na kanga ya njano. Kwa hiyo ninapozungumzia jikoni kwa bibi sizungumzii likizo. Ndiko nilikokulia.

Biblia yetu ilikuwa ile ya Union Version, ya 1952, jalada jeusi lililonuka moshi. Nilisoma Kiswahili, na kila baada ya mistari michache bibi alinisimamisha, akarudia kwa Kikinga kwa namna yake ili ahakikishe amepata. Agano Jipya la Kikinga lilikuwepo tangu 1961, lakini shule ilinifundisha kusoma Kiswahili, na kitabu kilichokuwa ndani ni hicho. Basi kila hadithi ilipita mara mbili, mara moja kinywani mwangu ikiwa imenyooka, mara ya pili kinywani mwake ikiwa na nyama.

Na alikuwa na maswali! Si maswali ya Nuhu ana wana wangapi. Aliuliza: Yona alipokuwa ndani ya samaki, alisikia baridi au joto? Yule mke wa Nuhu alipikia wapi, na moshi ulitokea wapi? Mwana mpotevu aliporudi, mbona hatuambiwi mama yake alisema nini? Mimi nilikimbilia kitabuni kutafuta jibu, nikageuza kurasa, sikuliona. Bibi alinitazama tu. "Basi fikiri," alisema. Tukawa tunafikiri. Nilisema samaki ana joto kama tumbo la ng'ombe. Yeye alisema hapana, samaki wa mtoni ukimshika ni wa baridi, kwa hiyo Yona alitetemeka siku tatu kama sisi mwezi wa Julai, ndiyo maana aliomba haraka. Nikisinzia kabla ya sura kwisha aliniita Eutiko, yule kijana aliyeanguka dirishani Paulo alipoongeza maneno hadi usiku wa manane.

Sasa naona tofauti ambayo sikuiona wakati ule. Swali la katekisimo lina jibu kwenye ukurasa, na lina kazi yake. Mtoto anahitaji kujua kilichoandikwa. Swali la bibi halikuwa na jibu kwenye ukurasa. Lilimlazimisha mtoto aingie ndani ya samaki akapapase. Mwanamke asiyejua A wala B aliurudisha mkono wa pili wa Luther bila kujua kama uliwahi kuwepo. Aliweza kwa sababu kitabu hakikuwa mkononi mwake. Mikono yake ilikuwa huru.

Wala si jambo geni katika imani. Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, ndipo ikakaa kwa mama yake. Filipo alimsikia yule Mwethiopia akisoma garini kwa sababu alikuwa anasoma kwa sauti, na kilichofuata ni swali, kisha mazungumzo ya safari nzima. Kusoma kwa sauti kulikuwa mwaliko wa mtu wa pili.

Naomba sasa niungame. Sura ikiisha, bibi alipenda kulipa. Alisema mimi nimempa cha kitabuni, yeye atanipa cha kwao. Akaanza: palikuwa na msichana aliyetumwa maji, akafika kwenye chemchemi, chemchemi ikamuuliza jina la mama yake. Hadithi hiyo ilikuwa ndefu, ya jioni nyingi. Mimi nilikuwa na haraka. Nilijiona msomi, nilitaka kurudi kwenye kitabu, au kulala. Nilimwambia, "Bibi, hizo ni za zamani." Hakukasirika. Alichochea moto.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Leo nina kinasa sauti, nina simu yenye nafasi ya kuhifadhi saa mia za mazungumzo, na vyote vimejaa sauti za mawaziri na wakuu wa wilaya. Sauti ya bibi sina hata sekunde moja. Najua msichana alifika kwenye chemchemi. Najua aliulizwa jina la mama yake. Sijui alijibu nini. Nimewapigia shangazi wawili. Mmoja anakumbuka msichana alirudi na mtungi mtupu, mwingine anasema hakurudi kabisa.

Nayasema haya kwa sababu mjadala wetu wa kusoma umebaki wa vitabu tu. Ni kweli vitabu vinahitajika, na kuna Watanzania waliofanya kazi: Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwepo tangu 1991, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D wametoa vitabu vizuri vya Kiswahili. Ni kweli pia shule zina tatizo. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Lakini mimi nilimsomea mpwa wangu bila kosa, kitabu kizuri, chenye rangi, na hakuna kilichotokea. Kilichokosekana hakiuzwi dukani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wenzangu, hasa ninyi mlioanza kuwa wazazi na mnaona aibu kwamba kwenu hapakuwa na baba wa kitandani: msione aibu. Kwenu palikuwa na mtoto aliyesoma na mtu mzima aliyesikiliza kwa njaa. Huo nao ni urithi. Mpe mtoto kitabu, kaa chini, sikiliza, halafu uliza kitu ambacho wewe mwenyewe hujui jibu lake. Na kama bibi bado yupo, mwache alipe. Usimwambie ni za zamani.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa dada. Nikampa mpwa wangu kile kitabu, nikamwambia leo yeye anisomee mimi. Hajui herufi zote, kwa hiyo alisoma picha. Alipofika kwenye ukurasa wa kobe nikamuuliza, "Kobe akiingia ndani ya gamba lake, anaona nini?" Akafunga macho. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikadhani amelala. Kisha akasema kuna giza, lakini kuna kitanda kidogo, na mama yake kobe ameacha taa.

Halafu akaniambia, "Mjomba, na wewe nipe ya kwako."

Nikaanza: palikuwa na msichana aliyetumwa maji, akafika kwenye chemchemi, chemchemi ikamuuliza jina la mama yake. Nikanyamaza hapo.

"Akasema nani?" aliuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. "Basi fikiri," nikasema, na tukaanza kufikiri wote wawili.